Je, Usafi Una Mpaka?



Hapana nyumba yenye adabu katika nchi yetu isiyofagiwa asubuhi. Mama na binti zake huamka, hushika ufagio, hata jua linapopanda ua ni safi, na mgeni ajaye huona kwamba hapa wanakaa watu. Desturi hii ni njema, nasi tuliipokea kwa wazee wetu. Lakini leo twapenda kuuliza neno moja juu yake: takataka zile zilizofagiwa zimekwenda wapi? Ikiwa zimetupwa nyuma ya ua, penye njia ya jirani, je, mwenye ua amesafisha, au amehamisha tu?

Swali hili laonekana kuwa dogo, jambo la ufagio na jaa. Lakini likifuatwa hatua kwa hatua litatutoa uani na kutufikisha mbali: vilimani Mwanza, na ziwani, na misituni, hata kwa watoto wasiozaliwa bado. Nasi twaliandika kwa sababu siku hizi yasemwa mengi juu ya miji ya kijani, majengo ya kijani na vyuo vya kijani. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba kazi yote ni kupanda maua mbele ya ofisi. Sisi twadhani kwamba mji wa kijani ni ule ambao watu wake huuliza maneno matatu kila wanapojenga, wanapopika na wanapotupa: Kitu hiki chatoka wapi? Chaenda wapi? Na ni nani atakayebeba mzigo wake?

Tutazame kwanza Nyamagana, wilaya iliyo moyo wa jiji la Mwanza. Nchi yake imepambwa kwa majabali yaliyorundikana, jabali juu ya jabali, na mashuhuri kuliko yote ni Jiwe la Bismarck lisimamalo majini karibu na mji. Watu wengi waliokuja mjini kutafuta riziki hawakupata viwanja bondeni; wakapanda vilimani, Igogo, Mabatini, Isamilo na kwingineko, wakajenga katikati ya mawe.

Sasa fikirini shida yao. Choo cha shimo chataka udongo unaochimbika, na jabali halichimbiki kwa jembe. Shimo huwa fupi, hujaa upesi, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda njia ya mawe. Ndipo wengine walipozoea kungoja mvua kubwa: mvua inyeshapo usiku hufungua shimo, na maji huchukua kila kitu na kushuka nacho. Asubuhi mlimani ni safi. Lakini bondeni yuko mama anayeamka na kukuta uchafu wa watu asiowajua umelala mlangoni pake. Kisha mitaro huupeleka katika Mto Mirongo upitao katikati ya mji, na Mirongo huutia ziwani. Na ziwani ndimo jiji linamochota maji yake ya kunywa, pale Capri Point, na siku hizi hata Butimba, ambako umejengwa mtambo wa kusafisha lita milioni 48 kwa siku.

Kweli, maji hayo husafishwa na kutiwa dawa kabla ya kuingia mabombani. Lakini kadiri yanavyozidi kuwa machafu, ndivyo kazi na gharama zinavyozidi. Tena si watu wote wa kando ya ziwa wanywao maji ya bomba. Wako wachotao kwa ndoo. Hivyo uchafu ulioshuka usiku kwa siri hurudi mchana ndani ya kikombe. Wahenga walisema, Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Tena liko jambo la kututafakarisha. Jiji hilihili la Mwanza lilipewa tuzo ya usafi miongoni mwa majiji ya Tanzania kwa miaka kadhaa mfululizo. Hatusemi kwamba tuzo ile haikustahili. Barabara zilifagiwa, na waliofagia walifanya kazi ya heshima. Twasema tu kwamba ufagio huona barabara, hauoni mto. Mtu aweza kusifiwa kwa haki juu ya yale yanayoonekana, na bado akawa na deni katika yale yasiyoonekana.

Labda mtu atasema: "Ziwa hili ni kama bahari. Ndoo yangu moja ya uchafu itafanya nini?" Neno hili twalisikia mara nyingi, nalo lina nguvu, kwa sababu ziwa ni kubwa kweli, kilometa za mraba zaidi ya 68,000. Lakini tazameni umbo lake. Ziwa Viktoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja katika Uganda, ambapo Mto Nili huanza safari yake. Sehemu kubwa ya maji yake huja kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa hupaa tena kwa jua na upepo. Maji hupaa, lakini uchafu haupai. Tulichokitia mwaka jana kingali humo, na cha mwaka huu chaongezeka juu yake.

Gugu maji lilitufundisha jambo hili hadharani. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilichukua huku na huku duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, hata likaonekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980. Likastawi upesi mno, maana lilikuta chakula tayari: rutuba iliyooshwa mashambani na majitaka ya miji. Katika miaka ya 1990 lilifunga ghuba na bandari, mitumbwi ikashindwa kutoka, wavuvi wakakaa bila kazi. Wataalamu wakaleta mbawakavu wadogo walao gugu hilo, na wananchi wakaling'oa kwa mikono yao, hata likapungua sana, lakini halikwisha. Siku zile mtu aliyesimama ufukweni aliona ziwa la kijani kabisa, kijani cha kupendeza macho, na chini yake samaki walikosa hewa. Hapo ndipo tuone kwamba rangi si dalili ya uzima.

Basi, turudi kwa mtu wa ndoo moja. Hesabu yake haikosei katika ndoo yake. Yakosea katika kudhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyeifikiri. Neno analolisema yeye laweza kusemwa na kila nyumba, kila kiwanda na kila mji katika nchi zote zinazolizunguka ziwa. Udhuru ambao kila mtu aweza kuutumia, na wote wakiutumia wote wataangamia, haufai kuwa udhuru wa mtu hata mmoja.

Lakini yuko mwingine mwenye jibu zito zaidi, naye ni yule mwenyeji wa mlimani. Yeye atasema: "Ninyi mwaandika kwa wino, mimi nakaa juu ya jabali. Sina fedha ya kuvunja mwamba, wala gari halifiki kwangu. Mwataka nifanye nini?" Huyu hatuwezi kumjibu kwa maneno matupu. Kumlaumu mtu kwa kutofanya lisilowezekana ni dhuluma, na mji unaomtoza faini maskini bila kumpa njia nyingine nao ni mji unaohamisha uchafu wake. Huutwika mabegani mwa mnyonge na kujiita safi. Twaamini kwamba wajibu hupimwa kwa uwezo. Mwenye ndoo ana wajibu wa ndoo. Mwenye mamlaka ana wajibu wa mabomba.

Na Mwanza mabomba yalikuja. Katika miaka ya 2010, Mamlaka ya maji ya mji, kwa mradi uliopata fedha kutoka Ulaya, ilianza kuweka vilimani mfumo rahisi wa majitaka. Mabomba yake ni membamba kuliko yale ya barabara kuu, wala hayazikwi chini sana. Hupenya kati ya majabali na kando ya nyumba, na majitaka hushuka yenyewe kwa mteremko mpaka bomba kubwa, hata mabwawa ya Butuja katika Ilemela. Huko uchafu hutuama, vijidudu huula, na jua na hewa huendeleza kazi ya kuyatakasa maji. Mlima uleule uliokuwa adui sasa wafanya kazi ya kusukuma maji bila mashine.

Lakini katika mabomba haya mna jambo moja ambalo twalipenda kuliko ufundi wake. Bomba la nyumba ya juu haliwezi kufika chini bila kupita uani kwa nyumba ya chini. Fundi hata akiwa hodari namna gani, asiporuhusiwa na mwenye ua kazi husimama. Basi ilibidi majirani waketi pamoja: huyu akubali bomba la mwenzake lipite ukutani pake, na yule aahidi kutotia matambara bombani, maana likiziba kwa mmoja limeziba kwa wote. Siku zile za mashimo na mvua, wa juu hakumjua wa chini. Sasa wamefungwa pamoja kwa bomba, nao hawana budi kujuana. Yule mwanasheria wa Injili aliyeuliza habari za jirani alidhani kwamba jirani ana mpaka, akataka aonyeshwe mpaka huo uko wapi. Jibu alilopewa liliuondoa mpaka. Watu wa vilimani wanalisoma jibu hilo kila siku katika bomba lipitalo uani kwao.

Sasa tuyatazame majengo, maana hata jengo zuri laweza kuwa na tabia ya kutupa nyuma ya ua. Mfano ni kiyoyozi. Wengi hudhani kwamba mashine hii huliondoa joto. Haiondoi, hulitoa ndani na kulimwaga nje, tena huongeza joto lake yenyewe. Aliye ndani amepoa, na apitaye barabarani ameongezewa. Je, haiwezekani kujenga bila kumtupia mwingine joto letu?

Yawezekana, na mwalimu wetu mmoja ni mchwa. Kila mtu wa Usukuma amekiona kichuguu, jinsi ndani yake pasivyokuwa na joto kali hata nje jua likichoma. Mjini Harare, katika nchi ya Zimbabwe, fundi Mick Pearce aliyatazama mambo ya kichuguu, akajenga jumba kubwa la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Usiku hewa baridi huingizwa na kupoza kuta nene na sakafu. Mchana hewa ya moto hupanda na kutoka kwa mabomba ya juu ya paa. Naye Francis Kéré, mwana wa kijiji cha Gando katika Burkina Faso, alijenga shule kijijini kwao, ikamalizika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na bati la paa limeinuliwa juu ya dari, hata upepo hupita katikati na kuchukua joto. Wanakijiji wenyewe walibeba udongo na mawe. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima kuu ya wajenzi duniani. Wapo kwetu wanaoona haya kwa nyumba ya udongo, nao huivunja ili wajenge tanuri la bati na saruji. Si kila cha zamani ni bora, wala si kila kipya ni ustaarabu.

Kutoka katika majengo tuingie jikoni. Nyamagana ina vyuo vingi: Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, juu ya kilima cha Bugando kuna hospitali kubwa pamoja na chuo kikuu cha afya, na Butimba kuna chuo cha ualimu, na shule za bweni zipo katika kila wilaya. Hatusemi hapa habari za chuo hiki wala kile. Twasema tu kwamba mahali wanapokula watu mamia kwa mamia pamoja ni mji mdogo, na jiko lake lina njaa kubwa. Shule yaweza kuwa na bustani ya kupendeza mbele, miti imepangwa kwa mstari, na nyuma jikoni pamepangwa magunia ya mkaa kutoka pori la kijiji ambacho mkuu wa shule hajapata kukiona. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Miti michache imepandwa mbele, na mingi imekatwa mahali pasipoonekana. Huo nao ni ufagio wa kutupa nyuma ya ua.

Serikali imelitambua jambo hili. Iliziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, ikaweka mwisho wa Januari 2024; kisha mwaka huohuo ukatolewa mkakati wa nchi nzima, wa kuufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wakipika kwa nishati safi. Wengine wamegeukia jua. Chuo Kikuu cha Strathmore mjini Nairobi kiliweka sola juu ya mapaa yake mwaka 2014, zenye uwezo wa kilowati 600. Hayo yote ni mema. Lakini hata hapo tusisahau maneno yetu matatu. Betri ya sola ikichoka itatupwa wapi? Gesi yatoka wapi, na maskini ataimudu? Kitu hakiwi chema kwa kuitwa cha kijani. Chataka kuulizwa kama vingine.

Nanyi wasomaji wa vijijini msiseme kwamba haya ni mambo ya Mwanza. Mji ukitupa nyuma ya ua wake, nyuma ya ua ni kwenu. Mkaa unaowaka mjini ulikuwa kivuli cha ng'ombe wenu. Tena mkono unaoukata na kuuza mara nyingi ni mkono wetu wenyewe, na fedha yake hulipa ada ya mtoto. Hatumhukumu auzaye kwa ajili ya mtoto. Lakini na afanye hesabu yote: ada ya mwaka mmoja upande huu, na upande huu kisima kitakachokauka na mwanamke atakayetembea saa tatu kutafuta kuni.

Wazee wetu waliijua hesabu hiyo, nao waliipa jina: ngitili. Msukuma mwenye ng'ombe alitenga sehemu ya malisho, akaifunga wakati wa mvua wanyama wasiiguse, ili nyasi na miti ipone. Wakati wa kiangazi ng'ombe wakawa na chakula. Baadaye Shinyanga ilikatwa miti mno, kwa kufukuza mbung'o, na kwa kulima pamba, na kwa kuni, hata nchi ikawa karibu na jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao baada ya kuwasikiliza wenyeji uliirudia desturi ileile ya ngitili. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerudishwa kuwa ngitili. Dawa haikutoka ng'ambo. Ilikuwa nyumbani, imesahauliwa.

Yuko atakayeuliza la mwisho: "Watoto wa watoto wetu hawajatutendea jambo lolote. Twawezaje kuwa na deni kwao?" Twamjibu kwa kumwomba atazame mwembe anaokaa chini yake. Aliyeupanda hakumjua, wala hakulipwa naye. Deni hilo haliwezi kurudishwa kwa marehemu. Njia moja tu imebaki ya kulilipa, kuwalipa wale wajao.

Sheria zipo, nazo zinasaidia. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mwaka 2020, maji yalipopanda kufikia kimo kisichoonekana tangu miaka ya 1960, wengi waliojenga ukingoni walielewa kwa uchungu maana ya mita zile. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini. Lakini sheria hulala usiku, na mvua hunyesha usiku. Panapoishia jicho la askari ndipo dhamiri inapoanza kazi yake.

Basi shauri letu ni hili. Kila nyumba iwe na shimo la takataka ndani ya mpaka wake, majani na maganda yafanywe mboji ya shamba. Kila kijiji kitenge ngitili yake, hata iwe ndogo. Anayejenga na atazame upepo unatoka wapi kabla ya kununua bati. Na ninyi walimu wenzetu, siku moja waacheni watoto waweke vitabu chini, muwachukue wafuate mtaro wa shule kwa miguu, kutoka jikoni, kupita shamba la jirani, mpaka unapoishia. Wakifika huko na wakawakuta watu wachotao maji, hamtahitaji kuwaeleza mengi. Wasalimuni watu hao, waulizeni hali yao, kisha rudini shuleni mkaanze kazi.